Unapombembeleza mtoto, nani anakusikiliza wewe?

Wazazi, wiki hii tuzungumzie kitu ambacho hakiuzwi duka la dawa, hakina dozi na hakihitaji bando. Ni wimbo wa kumbembeleza mtoto, ule ambao bibi zetu waliuimba mtoto akiwa mgongoni kwenye kanga huku mikono ikisonga ugali.

Siku hizi kazi hiyo tumeigawa. Mtoto akilia kwenye daladala, simu inatolewa. Akikataa uji, katuni inafunguliwa. Usiku akisumbua, tunatafuta mtandaoni nyimbo za kulaza watoto zinazopigwa saa nane mfululizo, tunaweka simu pembeni ya mto, tunageukia ukutani. Simlaumu mzazi anayefanya hivyo. Mtu aliyetoka nyumbani alfajiri na kurudi saa 3 usiku anahitaji usingizi kama mwanawe.

Lakini kabla hatujaiachia simu kazi hii moja kwa moja, tuelewe kazi yenyewe ilikuwa ipi. Ukiuliza, wengi watakujibu kwamba wimbo wa kubembeleza ni wa kumlaza mtoto. Hiyo ni nusu ya jibu. Nusu nyingine inamhusu anayeimba, na kwa afya ya familia ina uzito uleule.

Kila wimbo na kazi yake

Waliosoma fasihi simulizi sekondari watakumbuka jinsi nyimbo za asili zinavyopangwa. Hodiya ni za wafanyakazi, wawe ni za wakulima, kimai ni za mabaharia, nyiso ni za jandoni, mbolezi ni za msibani. Bembelezi ni za watoto wachanga. Mpangilio huo unatufundisha jambo moja: wazee hawakuimba ili kujaza ukimya. Wimbo ulikuja na kazi.

Kwa Wasukuma, bugobogobo ni ngoma ya jembe. Watu walilima kwa pamoja wakifuata mapigo, na jua kali likawa halisikiki sana. Zanzibar, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, wengi tunamkumbuka kwa taarab. Lakini alikuwa pia mwalimu wa unyago. Kwa ngoma na nyimbo, wasichana walifundishwa kuhusu miili yao na maisha ya ndoa, mambo ambayo mzazi aliona haya kuyatamka mezani.

Kwa hiyo ukitaka kujua maana ya wimbo wa asili, maneno yake peke yake hayatoshi. Uliza pia unaimbwa saa ngapi, na nani, na nani yuko karibu anausikia. Tuchukue maswali hayo matatu tuyapeleke kwenye wimbo wa mtoto.

Mtoto anasikia nini?

Masikio ya mtoto huanza kufanya kazi akiwa bado tumboni, na katika miezi ya mwisho ya ujauzito anaisikia sauti ya mama yake. Ndiyo maana kichanga anaweza kuitambua sauti hiyo kati ya sauti za wanawake wengine muda mfupi tu baada ya kuzaliwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Montreal, Canada, waliwahi kuwapima watoto 30 wenye umri wa kati ya miezi 6 na 9. Waliwasikilizisha wimbo wa lugha wasiyoijua, kisha maneno ya kawaida. Kwa wimbo, watoto walitulia kwa takriban dakika 9 kabla ya kuanza kulalamika. Kwa maneno, walitulia kwa dakika 4 hivi, hata pale maneno yalipotamkwa kwa ile sauti laini ya kuongea na mtoto.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2021 ulihusu watoto 144 nchini Marekani. Waliwekewa bembelezi na nyimbo za aina nyingine kutoka jamii za mbali, kwa lugha ambazo hawajawahi kuzisikia. Mapigo ya moyo yalishuka zaidi waliposikia bembelezi. Inaonekana sauti ya kubembeleza ina umbo ambalo mtoto analitambua hata kama hajui neno lolote.

Kwa watoto njiti, matokeo yanagusa moyo zaidi. Mwaka 2013 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa watoto 272 waliozaliwa kabla ya wakati na kulazwa katika hospitali 11 za Marekani. Wazazi waliombwa wachague wimbo wenye maana kwao, na kwa msaada wa wataalamu wa tiba ya muziki ukaimbwa karibu na mtoto kwa sauti ya chini kama bembelezi. Watafiti waliona mabadiliko mazuri katika mapigo ya moyo, unyonyaji na usingizi. Hofu ya wazazi nayo ilipungua.

Msomaji makini ataniuliza: mbona katika tafiti hizo mbili za mwanzo watoto walisikilizishwa sauti zilizorekodiwa? Ni kweli. Sauti iliyorekodiwa inaweza kumtuliza mtoto, na ndiyo sababu simu inafanikiwa. Kama kazi ya bembelezi ingekuwa kutuliza tu, tungemaliza mjadala hapa.

Kama mtoto haelewi, maneno ni ya nani?

Hapo ndipo penye siri. Mtoto wa miezi mitatu anatulizwa na sauti na mapigo. Hajui maana ya neno hata moja. Lakini ukizisikiliza bembelezi zetu, zimejaa maneno, tena maneno mazito.

Mwimbaji anamwuliza mtoto ni nani aliyemliza. Anamweleza kwamba mama yuko shambani na atarudi na chakula. Anamlalamikia kwamba baba amesafiri na hajulikani atarejea lini. Anamwonya kwamba asiponyamaza fisi atamsikia. Mara nyingi anayeimba ni dada mdogo aliyeachiwa mtoto, naye amechoka, ana njaa, anamsubiri mama huyohuyo.

Hali hii haiko kwetu tu. Katika makumbusho ya British Museum, London, kuna kigae cha udongo kutoka Babeli ya kale, chenye umri wa miaka ipatayo 4,000, kilichoandikwa maneno ya kumnyamazisha mtoto. Ndani yake mtoto anaambiwa kwamba kilio chake kimemsumbua hata mungu wa nyumba. Mzazi wa miaka 4,000 iliyopita alikuwa anasema kile unachokisema wewe saa 9 usiku: mwanangu, nyumba nzima haijalala kwa ajili yako.

Maneno hayo hayakuwa ya mtoto. Yalikuwa ya mwimbaji mwenyewe na ya walio karibu. Fikiria binti aliyeolewa ugenini, anaishi na mama mkwe, mawifi na mashemeji. Hawezi kusimama uani akasema amechoka, au kwamba mumewe hatumi matumizi. Adabu haimruhusu. Lakini kumwimbia mtoto anaruhusiwa, na kwenye wimbo anaweza kuyatia yote. Mama mkwe anayechambua mchicha hatua tano kutoka hapo anasikia. Jirani anasikia. Kesho yake mtu anachukua ndoo na kumchotea maji bila kuambiwa. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeaibika, ila ujumbe umefika.

Kwangu mimi hiyo ndiyo maana kubwa ya wimbo huu. Mtoto alipata utulivu, na mama alipata nafasi ya kusikika.

Mama wa leo anasikika wapi?

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Sonona si uvivu, si deko na si kukosa imani. Ni ugonjwa, na unatibika. Humwathiri na mtoto pia, kwa sababu mama aliyezama ndani yake hupata shida kunyonyesha, kucheza na mtoto na hata kukumbuka tarehe ya kliniki.

Zamani mzazi alikaa ndani siku 40 akikandwa maji ya moto, akipikiwa mchuzi, akizungukwa na wanawake waliokwisha kupita njia hiyo. Leo mama wengi wako kwenye chumba cha kupanga, mume yuko kazini, bibi yuko mkoani, na majirani wamefunga milango. Mtoto anatulizwa na simu. Mama naye anatulizwa na simu, anapitia picha za watu wanaoonekana kufurahia uzazi kuliko yeye. Nyumba iko kimya, na ukimya huo tunauchukulia kuwa amani.

Je, kuimba kunaweza kusaidia? Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia kina mama 134 wenye dalili za sonona baada ya kujifungua. Kundi moja liliimba pamoja na watoto wao kwa wiki 10, wakijifunza bembelezi za nchi mbalimbali na kutunga nyimbo zao kuhusu uzazi. Kundi jingine lilikutana kucheza na watoto bila kuimba, na la tatu liliendelea na huduma za kawaida. Makundi yote yalipata nafuu kadiri muda ulivyopita. Lakini kwa waliokuwa na dalili za wastani hadi kali, walioimba walipata nafuu haraka zaidi katika wiki 6 za mwanzo. Na kwa mama mwenye mtoto mchanga, wiki chache ni muda mrefu.

Karibu na sisi zaidi, nchini Gambia, kuna vikundi vya wanawake viitwavyo Kanyeleng. Ni wanawake waliohangaika kupata watoto au waliofiwa na watoto, na kwa jadi wanajulikana kwa kuimba, kucheza ngoma na kuchekesha watu. Watafiti walishirikiana na vikundi hivyo kuendesha vipindi vya kuimba kwa wiki 6, katika utafiti mdogo wa majaribio uliohusisha wajawazito 124. Mara baada ya vipindi hivyo, dalili za msongo na sonona zilikuwa zimepungua zaidi kwa walioimba.

Angalia wenzetu walichofanya. Hawakuagiza mashine. Walichukua nyimbo na watu waliokuwapo tayari, wakawaweka pamoja na mjamzito. Yule aliyewahi kulia kwa kukosa mtoto ndiye aliyemshika mkono anayeogopa kujifungua.

Simu inakosa nini?

Mwaka 2019 WHO ilitoa mwongozo kuhusu watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa mwaka mmoja pia haishauriwi. Kuanzia miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi.

Mwongozo huo haukuandikwa kwa sababu picha ni sumu. Kila dakika ya skrini inachukua nafasi ya kitu kingine, na kwa mtoto kitu hicho ni mtu. Programu ya taifa ya malezi iliyozinduliwa nchini mwaka 2021, ile ya PJT-MMMAM, inataja mambo matano ambayo mtoto anahitaji: afya bora, lishe, ujifunzaji wa awali, ulinzi na usalama, na malezi yenye mwitikio. Hilo la mwisho ndilo linalotuhusu leo. Mwitikio maana yake mtoto akifanya jambo, mtu anamjibu.

Unapoimba, unapunguza kasi ukiona kope zinalegea. Akiguna, unaguna naye. Akitabasamu, unarudia ubeti uliomchekesha. Mkono wako unampigapiga mgongoni kwa mapigo yaleyale. Hayo ni mazungumzo, na mtoto anajifunza zamu za kuongea kabla hajajua kuongea. Simu itaendelea na wimbo uleule hata kama mtoto amepaliwa.

Haitakusikia na wewe pia.

Uanze vipi?

Kwanza, usijali sauti yako. Mtoto hajali kama unapanda au unashuka mahali pasipostahili. Anayempenda anaimba, inatosha. Dakika 5 kabla ya kulala, kila siku, ukiwa umempakata na taa imepunguzwa, zinatosha kuanzia.

Pili, imba kwa lugha uliyobembelezwa nayo. Mtoto wa mama Mchaga na baba Mnyakyusa anayekulia Mbagala huenda asijue kuongea kilugha chochote. Wimbo mmoja wa Kichaga na mmoja wa Kinyakyusa vinaweza kuwa urithi wake. Kama huujui, mpigie bibi yake simu, mwombe akuimbie, jifunze. Hapo simu itakuwa imefanya kazi nzuri.

Tatu, baba naye aimbe. Wazee wetu wa kiume waliimba shambani, jandoni, baharini. Kumwimbia mwanao hakupunguzi kitu. Mama akipata nusu saa ya kuoga na kulala wakati baba anaimba, hiyo ni huduma ya afya.

Nne, angalia maneno ya vitisho. Kwa kichanga, fisi hana madhara kwa sababu hajui fisi ni nini. Mtoto akifika miaka 2 au 3 anaanza kuelewa, na kumlaza kwa hofu kutamnyima usingizi. Badilisha maneno. Nyimbo hizi hazikuandikwa na mtu mmoja, kila mzazi aliziongezea zake, na wewe una haki hiyo.

Tano, tumia wimbo kumchunguza mtoto. Kama kichanga hashtuki kwa sauti kubwa, au amevuka miezi 6 na hageuki kutafuta sauti inakotoka, mweleze mhudumu wa kliniki. Tatizo la kusikia likigundulika mapema, mtoto anasaidika zaidi.

Sita, jua mwisho wa wimbo. Mtoto anayelia bila kunyamaza huku ana homa, anakataa kunyonya, amelegea, anapumua kwa shida au amepata degedege, mpeleke kituo cha afya mara moja. Na ukihisi hasira inapanda kwa sababu ya kilio, mlaze mahali salama, toka nje, vuta pumzi, omba mtu akupokee. Kamwe usimtikise mtoto.

Kwa wanaoishi na mzazi mpya

Sehemu hii nawaandikia waume, mama wakwe, mawifi, majirani na dada wa kazi. Sikilizeni nyumba yenu.

Mama aliyekuwa akiimba akaacha, anamwambia mtu jambo. Mama anayemshika mtoto bila kumtazama, anayelia kila siku, asiyelala hata mtoto akilala, asiyekula, anayesema hafai kuwa mama, anahitaji msaada. Siku chache za machozi baada ya kujifungua ni za kawaida kwa wengi. Zikivuka wiki mbili, mpelekeni kituo cha afya, na mwelezeni mhudumu wazi kwamba tatizo ni hali ya moyo wake, kwa sababu mara nyingi mtoto ndiye anayepimwa na mama anarudi nyumbani bila kuulizwa. Akizungumzia kujidhuru au kumdhuru mtoto, msisubiri kesho. Msimwache peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo.

Zamani wimbo ulipita ukutani na watu wakaelewa kabla mambo hayajaharibika. Kuta zetu za sasa ni za tofali, lakini masikio ni yaleyale. Jioni hii, ukisikia jirani anambembeleza mtoto kwa muda mrefu, usiongeze sauti ya redio. Sikiliza anachokiimba. Kisha asubuhi gonga mlango, umwulize yeye mwenyewe ameamkaje, kabla hujamwuliza habari za mtoto.